Kaka, dada na kimya cha jikoni: jibu kuhusu filamu za kijijini za Kijerumani

SWALI: Shikamoo mwalimu. Juzi nilitazama filamu ya Kijerumani kwenye onyesho la bure, jina limenitoka. Mwanamke wa makamo anarudi kijijini kwao usiku, anafungua mlango wa jikoni kwa ufunguo wake, anamkuta kaka yake anakula mkate. Wanaambiana neno mojamoja. Mama yao amefariki, kesho yake ni mazishi. Hawajaonana miaka kumi na tano na hatuelezwi waligombania nini. Katikati kuna mzee wa miwani anasoma makaratasi harakaharaka, baba yao yupo, wote wanatazama meza, kisha wanasaini. Sikuelewa kama ni hakimu au mchungaji. Mwishoni dada anauacha ufunguo mezani na kuondoka, kaka hageuki hata kumtazama. Ukumbini watu walicheka, wengine walitoka. Je, hawa Wazungu hawana undugu, au mtunzi alishindwa kumaliza hadithi? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa kutazama filamu katikati ya watu wanaocheka.

Kwa maelezo yako siwezi kuapa ni filamu ipi, maana za namna hiyo nimeziona nyingi: kuna msiba, kuna nyumba ya matofali mekundu, kuna aliyeondoka na aliyebaki. Kwa miaka kadhaa kazi yangu ilikuwa kuandika zile tafsiri zinazopita chini ya kioo, na kabla ya hapo, nikiwa mwanafunzi, nilipanga chumba katika kijiji kimoja cha Niedersachsen, kaskazini mwa Ujerumani. Nitakujibu kwa yote mawili.

Undugu wanao. Mtu asiye na undugu haendeshi gari usiku kucha ili aje akae kimya jikoni kwa watu. Ulichokikosa ni mahali walipouweka. Wewe uliusubiri mdomoni. Wao wameufungia kwenye nyumba, kwenye ardhi na kwenye makaratasi. Ndiyo maana naanza na yule mzee wa miwani.

Si hakimu, si mchungaji. Ni Notar, mwanasheria aliyepewa na dola mamlaka ya kushuhudia mikataba. Ujerumani ardhi haihami kutoka jina hili kwenda jina lile bila kupita mikononi mwake, na sheria inamtaka ausome mkataba wote kwa sauti mbele ya wahusika kabla hawajasaini. Wote, hadi kifungu cha mwisho. Anakimbia kwa sababu kurasa ni nyingi na nje kuna wateja wengine. Waongozaji wa filamu wanalipenda tukio hili, na siwashangai. Mtu baki anasoma kwa sauti, kama anayetangaza ratiba ya treni, mambo ambayo wenye nyumba hawajawahi kuambiana, na hakuna anayelia kwa kuwa ofisini kwa watu hapaliliwi.

Kwa jinsi ulivyoeleza, baba yu hai na wote wanasaini, kinachosomwa bila shaka ni makabidhiano ya shamba. Baba anamwandikisha kijana shamba zima akingali hai, na binti anatia saini kwamba hatadai fungu lake la lazima. Sheria ya mirathi ya Ujerumani haimwachii mzazi kumnyima mtoto kila kitu, isipokuwa kwa makosa mazito sana. Hata akimfuta katika wosia, mtoto anabaki na haki ya kudai nusu ya thamani ya fungu ambalo angerithi kwa kawaida, na anadai pesa, si ng'ombe wala ekari. Sasa shamba lenye trekta la mkopo litazitoa wapi pesa hizo kwa mkupuo? Kwa hiyo wazazi wenye busara, au wenye hofu, humwita binti mapema aje aachie kwa maandishi. Na kuachia huko nako ni batili mpaka kufanyike kwa Notar.

Kaskazini-magharibi mambo ni makali zaidi. Katika majimbo manne, Niedersachsen, Schleswig-Holstein, Nordrhein-Westfalen na Hamburg, kuna sheria ya mwaka 1947 iitwayo Höfeordnung. Shamba linalotambuliwa na sheria hiyo kuwa Hof, yaani shamba pamoja na nyumba yake, linakwenda kwa mrithi mmoja. Mmoja tu. Wengine hupozwa kwa pesa, nazo hazipigiwi hesabu kwa bei ya soko. Kwa miongo mingi kipimo kilikuwa tathmini ya kodi iliyofuata hali ya mwaka 1964, ikizidishwa mara moja na nusu. Kuanzia 2025 kipimo kimebadilishwa, lakini bado kiko mbali na bei ambayo mnunuzi angeitoa. Nia ya sheria inaeleweka: shamba lisikatwe vipande, na aliyebaki asifilisike kwa kuwalipa walioondoka. Lakini sikiliza jina wanalopewa hao wengine: weichende Erben, warithi wanaopisha. Kuna mtoto aliyezaliwa kurithi na kuna aliyezaliwa kupisha, na utotoni walilala chumba kimoja.

Sheria hiyohiyo ina mkia. Kaka akiliuza shamba ndani ya miaka 20, ndugu waliopisha wanaweza kurudi kudai sehemu ya alichopata. Hata akikodisha kipande kwa mtambo wa umeme wa upepo, madai yanaweza kufufuka. Basi ukiona katika filamu hizi mapanga yale marefu yanazunguka nyuma ya ghala, usidhani ni mandhari tu. Mtazamaji wa kijijini kule anaona hesabu ambayo haijafungwa.

Si Ujerumani yote iko hivyo. Kusini-magharibi, sehemu za Baden, Württemberg na Pfalz, kwa karne nyingi watoto waligawana sawasawa. Mashamba yakawa membamba kama mikeka, na katika karne ya 19 wengi walipanda meli kwenda Marekani kwa kukosa pa kulima. Kugawana nako kuna ugomvi wake, wa mipaka na njia za kupitia.

Sisi tunasema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Methali hiyo haina shaka kwamba watapatana. Haina shaka kwa sababu nyuma yake kuna shangazi atakayeingilia, kuna kikao cha ukoo, kuna mzee atakayekataa kula mpaka mpeane mikono. Katika kijiji cha Kijerumani cha leo aliyebaki wa kuwakalisha ndugu meza moja ni Notar, naye analipwa kwa kusoma. Kupatanisha hakumo katika ada.

Hebu nikuonyeshe kitu kimoja kwa karibu. Mwenye nyumba wangu alikuwa mjane wa miaka themanini hivi. Yeye alikaa upande mmoja wa nyumba ndefu ya shamba, kijana wake na mkewe upande wa pili, na milango ikitazamana uani. Nilidhani wamegawana kwa ajili ya nafasi. Siku moja akanitolea mkataba wake, aliokuwa ameuhifadhi kwenye kopo la biskuti, nimsomee herufi ndogo kwa macho ya kijana. Wenyewe wanauita Altenteil, fungu la uzee: anayekabidhi shamba anabakiziwa haki zake hadi kufa, na haki hizo zinaandikwa kwenye daftari la ardhi. Wake uliorodhesha vyumba viwili vyenye joto, viazi, kufuliwa nguo, kupelekwa kwa daktari, kuuguzwa. Na mayai, kwa idadi, kila wiki.

Kila Jumamosi asubuhi nilikikuta kikapu mlangoni pake. Hakuna aliyebisha hodi. Mama na mwana walikuwa wamenuniana tangu kabla sijafika, na sababu sikuwahi kuipata sawasawa. Jirani mmoja aliniambia ni mti uliokatwa. Lakini mayai hayakukosa hata wiki moja, na hayakuzidi. Mpaka Jumamosi moja kabla ya Krismasi lilipozidi moja. Bibi aliyahesabu, akayapanga upya mezani, akayahesabu tena. Hakusema kitu. Jioni akaniita nile naye mayai ya kukaanga na viazi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Ningekuwa mwongozaji, filamu yangu ingeanza na yai hilo. Na watu wangetoka ukumbini.

Sasa hayo maneno mojamoja. Pale jikoni, kwa uzoefu wangu, dada alisema «Na?», kaka akajibu «Na.» Kijerumani cha kawaida kabisa, wala si ufidhuli. Na? ya kwanza inauliza hali, safari, afya, na kama bado una hasira. Ya pili inajibu yote bila kuahidi lolote. Mtafsiri afanye nini hapo? Salamu zetu ni ndefu, tunaulizana habari za nyumbani, za watoto, za kazi, hata kama tumekasirikiana. Niliwahi kukesha na maneno mawili, «Muss ja», jibu la mwanamume aliyeulizwa anaendeleaje baada ya kufiwa. Kwa neno kwa neno ni «lazima bwana», yaani siku itaenda, itake isitake. Nikajaribu «Hivyohivyo». Nikajaribu «Tupo». Mwisho niliandika «Tunasukuma», na mpaka leo sijui kama nilimtendea haki.

Kuna kitu kikubwa zaidi ambacho tafsiri ya chini huwa inakiua, na nadhani ndicho kilichowakosesha ninyi wa Morogoro nusu ya filamu. Vijijini wana lahaja. Kaskazini kuna Plattdeutsch, kusini Kibavaria na ndugu zake, na umbali wake na Kijerumani cha shule ni mkubwa kuliko wa Kimvita na Kiunguja. Katika filamu hizi aliyeondoka huwa anazungumza Kijerumani safi cha mjini, na aliyebaki anang'ang'ania lahaja. Kisha katikati ya filamu, mara nyingi wakiwa wanafanya kazi ya mikono, kubeba jeneza, kumzalisha ng'ombe, kukunja shuka za marehemu, aliyeondoka anatamka sentensi moja kwa lahaja ya nyumbani. Moja tu. Hapo Wajerumani ukumbini hunyamaza, kwa sababu hapo ndipo alipomkumbatia kaka yake. Kwenye kioo ninyi mmesoma «Shika upande huo» na mmeendelea kusubiri wakumbatiane.

Umeuliza pia kuhusu mwisho usio mwisho. Hapo pana historia, nitaipita kwa haraka.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Wajerumani walipenda sana filamu za kijijini zenye milima, nyimbo na harusi. Aina hiyo inaitwa Heimatfilm, filamu ya nyumbani kwetu. Schwarzwaldmädel ya 1950 na Grün ist die Heide ya 1951, zote za Hans Deppe, ndizo zilizofungua mlango. Ndani ya ile ya pili, katikati ya maua ya nyika, kuna mzee mkimbizi aliyepoteza mali yake mashariki na sasa anawinda kwa wizi usiku. Kidonda kilikuwepo, ila kilifunikwa kwa wimbo. Suluhu zilitumika hadi zikachuja. Mwaka 1962 watengeneza filamu vijana 26 walitia saini tamko pale Oberhausen wakikataa sinema ya baba zao, na muda si mrefu wakaanza kurudi kijijini na kamera yenye maswali kuhusu enzi za Hitler: baba, ulikuwa wapi, ulifanya nini, nani alikuwa anakaa nyumba ile? Filamu ya Peter Fleischmann ya 1969, Jagdszenen aus Niederbayern, inakionyesha kijiji kikimwinda kijana wake mwenyewe. Tangu hapo mwongozaji Mjerumani anayejiheshimu akiwapatanisha ndugu dakika ya mwisho anaonekana kama anafunika tena. Wakati mwingine naona wamepitiliza, kimya kimekuwa fasheni kama zilivyokuwa nyimbo. Lakini sababu ilikuwa ya kweli.

Ukitaka kuona jambo hili likifanywa kwa moyo, tafuta Heimat ya Edgar Reitz ya 1984, sehemu 11, zaidi ya saa 15, kijiji cha kubuni kiitwacho Schabbach huko Hunsrück. Paul anarudi kutoka Vita vya Kwanza vya Dunia, anaoa, anazaa wana wawili, na siku moja mwaka 1928 anatoka nyumbani bila kuaga. Anafika Marekani. Anarudi 1946, tajiri, na mkewe Maria hampokei kama mume. Kizazi kinachofuata, Maria huyohuyo anamfukuza mpenzi wa mwanawe wa mwisho, na kijana anaondoka kwa kiapo. Aliyeachwa naye anajua kuumiza. Reitz hamhukumu hata mmoja wao.

Mashariki nako, upande uliokuwa chini ya wakomunisti baada ya vita, kuna tabaka jingine. Mwaka 1945 mashamba ya zaidi ya hekta 100 yalitwaliwa, kufikia 1960 karibu wakulima wote walikuwa wameingizwa kwenye ushirika, wengine kwa kusukumwa, na baada ya 1990 ardhi ya ushirika ikaanza kurudi kwa wenyewe na kwa wana wa wenyewe waliokuwa magharibi. Fikiri ndugu wangapi walikutana ofisini badala ya sebuleni. Filamu ya Mascha Schilinski, In die Sonne schauen, iliyopata Tuzo ya Majaji kwenye tamasha la Cannes mwaka 2025, inakaa katika shamba moja la Altmark na kupita vizazi vinne vya wasichana, bila vizazi hivyo kuambizana lolote. Kuta ndizo zinazokumbuka.

Na usisahau pesa. Filamu huru ya Kijerumani hupata fedha kwenye mifuko ya majimbo, na mifuko hiyo hutaka pesa zake zitumike jimboni. Kijiji kimoja, nyumba moja, waigizaji sita: unakamilisha kazi kwa wiki chache na jimbo linafurahi. Televisheni ya ZDF ina dawati liitwalo Das kleine Fernsehspiel, tangu 1963, linalowadhamini waongozaji kwenye kazi zao za mwanzo na kuzirusha usiku wa manane. Mwongozaji mwenyewe mara nyingi ni mtoto wa kijijini aliyekwenda kusoma Berlin au München, yaani naye ni mrithi aliyepisha. Kazi yake ya kwanza inaonyeshwa Hof, mji mdogo wa Bavaria wenye tamasha tangu 1967, mama yake amekaa safu ya tatu. Hapo utaelewa kwa nini filamu haitaji waligombania nini.

Ukipata nafasi ya kuitazama tena, acha midomo yao na utazame mikono. Mlo wa jioni kule ni baridi, mkate, jibini na soseji juu ya kibao, na kila mtu hujikatia. Angalia kama kuna anayemsogezea mwenzake siagi bila kuombwa. Baada ya mazishi angalia wanavyokula keki: si sherehe, ni ubwabwa wao wa msiba, na kaskazini keki ya siagi imezoeleka misibani kiasi kwamba wengine wanaiita keki ya mazishi. Tazama nani anakaa kwenye kiti cha mama. Tazama makaburini, maana kule kaburi hukodishwa kwa miaka, mara nyingi 20 hadi 30, na jamaa ndio wanaolitunza. Ndugu walionuniana hupanda maua kwa zamu bila kukutana, kila mmoja aking'oa ya mwenzake yaliyokauka.

Nimalizie na ufunguo, kwa kuwa jibu lake umeliandika mwenyewe bila kujua. Umesema dada aliuacha mezani mwishoni, na kaka hakugeuka. Ukumbini mkaona amekata undugu. Inawezekana, ameshasaini, nyumba si yake tena, ufunguo unarudi kwa mwenyewe. Lakini rudi kwenye sentensi yako ya mwanzo. Alifika usiku, hawajasemezana miaka kumi na tano, na aliufungua mlango wa jikoni kwa ufunguo wake. Kitasa kilikuwa kilekile. Kaka alikuwa na miaka kumi na tano ya kukibadilisha, fundi yupo kijijini na bei si kubwa, na hakukibadilisha.